Tundu la Nyuma ya Kitanda

Haya yalimpata rafiki yangu Wendell, mtu asiyeweza hata uongo wa kuombea ruhusa kazini. Kazi yake ni kuziba nyufa kwa povu linalokauka na kuwa gumu, katika nyumba kuukuu za pembezoni mwa Cleveland, mji wa kando ya ziwa jimboni Ohio, baridi isipenye.

Januari iliyopita alikwenda kwa Bi Kubiak, mjane anayeishi peke yake.

"Ziba kote, mwanangu," bibi alimwambia. "Ila tundu la nyuma ya kitanda liache."

"Bibi, kwa tundu hilo utapasha joto Ohio nzima!" Wendell akacheka. Bibi alipoteremka kupika kahawa, Wendell akaliziba.

Povu likafura, likakauka. Nyumba ikanyamaza, hata upepo wa ziwani haukusikika tena. Akawasha kijiti cha moshi kupima, maana moshi ukiyumba, pana upenyo. Katika kila chumba ulipanda wima.

Nyuma ya kitanda, moshi ukainamia ukutani. Ukarudi. Ukainama tena, ukarudi, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Akalipapasa povu: gumu, halina ufa.

Vikombe vikagongana nyuma yake. Bibi alisimama mlangoni na sinia yenye vikombe vitatu.

"Umeziba?"

Wendell akakitazama kijiti. Moshi ukainama kidogo, ukarudi. Ukainama kidogo sana. Kisha ukasimama wima.