Mama Alilia Garini

"Na hapa, mabibi na mabwana, mama wa nyumba hii hakuwa na pa kulilia," mchumba wangu aliwaambia wageni.

Damu ilinipanda kichwani. Mama wa nyumba hiyo ni mama yangu mzazi, na alikuwa amesimama ubavuni kwangu nyuma ya kundi, kaukumbatia mkoba wake.

Nilimleta mwenyewe, kimyakimya, akamwone mkwe wake kazini kabla ya harusi. Nyumba aliichora marehemu baba: zege tupu, vioo toka sakafuni hadi darini, na ndani hakuna mlango hata mmoja. Hata choo kina pazia. Baba alidai milango hutenganisha familia. Siku hizi ni makumbusho, na mchumba wangu ndiye anayetembeza wageni.

Basi bwana akaendelea, kwa sauti ile ile tamu aliyonitongozea. Akasimulia jinsi mama alivyokuwa akijifungia ndani ya gari, analia mpaka basi, kisha anarudi jikoni kupika. Mama aliniambia hayo mimi peke yangu. Mimi nikamwambia mpenzi wangu, kichwa changu kikiwa kifuani pake. Mgeni mmoja akafuta machozi, mwingine akaenda kupiga picha gereji.

Nikapenya hadi mbele.

"Nani kakuruhusu kusema hayo?"

Alishtuka, kisha akatabasamu kama muuza duka. "Tulia, mpenzi. Watu wanaguswa. Bila hilo, hii nyumba ni zege tu."

"Mwenye machozi yuko pale nyuma. Mgeukie umwambie hivyo."

Akageuka.

"Shikamoo, mama," akasema. Eti shikamoo!

Mama hakuitikia. Alitoka nje.

Nikavua pete, nikaitupa juu ya meza ya baba yenye kibao cha "Usiguse". Nikamwambia na hiyo awaelezee wageni wake.

Mama nilimkuta kituo cha basi, amekaa. Kwenye simu yangu ukaingia ujumbe wake: "Mpenzi rudi tuyamalize, umeniaibisha mbele ya watu." Nikamsomea mama, nikamwaga yote: mnafiki yule, hana haya, amekula kwetu, amenawa kwetu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Mama aliniacha nimalize.

"Yule sikumwambia kitu," akasema, macho barabarani. "Siri yangu nilikupa wewe."