Kinu cha Bi Thuwaiba

Tu, tu, tu. Tu, tu.

Sauti ilipenya ukutani kabla ya alfajiri. Emiliana alifumbua macho akasikiliza. Mama yake, Martina, alikuwa anavaa sare ya kazi.

"Mama, ni nini kile?"

"Mabomba ya maji. Lala. Ukiamka, uji uko kwenye chupa ya chai, darasa lako liko kwenye simu, na usitoke nje ya mlango huu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Waliishi katika chumba cha wafanyakazi ndani ya makazi ya wazee ambako Martina alikuwa mhudumu, huko Al Qusais. Tangu korona iingie Dubai, kila mzee alikaa peke yake katika fleti yake ndogo ili asiambukizwe. Hata ndege zilizozoea kunguruma juu ya paa zilikuwa kimya. Msimamizi, Bwana Walid, alimruhusu Martina kukaa na bintiye kwa sharti moja: mtoto asikanyage ukumbi wa wazee. "Akionekana huko, khalas, basi tena, mtahama," alisema.

Lakini Emiliana, msichana wa miaka kumi na mmoja, hakuridhika. Tangu lini mabomba yakachoka, yakapumzika, kisha yakaanza tena polepole? Siku moja Mama alipokuwa kazini, alivaa barakoa akachungulia ukumbini. Mlango wa jirani ulikuwa wazi kidogo. Ndani, kikongwe aliyejitanda kanga alikuwa anapangusa kinu kidogo cha shaba.

"Kumbe ni kinu!" Emiliana alijikuta akisema.

Kikongwe aligeuka. "Yarabi! Mtoto wa Kiswahili! Wa wapi weye?"

"Wa Bukoba, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mie mzaliwa wa Unguja. Simama hapo hapo, usisogee. Nisikuambukize, nawe usiniambukize."

Jina lake lilikuwa Bi Thuwaiba. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, naye kila siku, kabla ya alfajiri, alitwanga iliki za kahawa yake ya daku. Tangu siku hiyo Emiliana alimwendea kwa siri. Aliporudi mara ya pili, alikuta kigoda kimewekwa ukumbini, mbali na mlango, kimefutwa kwa dawa, na juu yake kitambaa kilichokunjwa ili akae vizuri. Alikaa, akauliza maswali. Kwa nini kinu cha shaba na si cha mti? Nani alikuletea? Iliki hutwangwa na maganda yake?

"Weye ungekuwa polisi," Bi Thuwaiba alicheka, "wezi wote wangejisalimisha wenyewe wapate kupumzika!"

Kisha ikaja alfajiri moja. Tu, tu, tu. Ghafla kikasikika kishindo, na kitu cha shaba kikabingirika sakafuni. Halafu kimya.

Emiliana aliketi kitandani. Mama alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Mama, mgongee bibi wa jirani!"

"Bi Thuwaiba? Waliofunga wakishakula daku hulala. Mwezi huu hatuwagongei mpaka alasiri, tusiwasumbue. Hayo ni mabomba tu."

Mpaka alasiri! Emiliana alishuka kitandani. Akisema anachokijua, huenda wakafukuzwa, na ndege za kurudi nyumbani hazikuwepo. Akinyamaza, hakuna atakayeufungua mlango ule.

"Si mabomba, Mama. Ni kinu chake. Hajamaliza kutwanga, ameanguka." Alimshika Mama mkono. "Nilikudanganya. Huwa ninatoka, ninakwenda kwake."

Martina alimtazama mara moja tu. Hakugomba. Alichukua ufunguo wa akiba akakimbia.

Alimkuta Bi Thuwaiba kwenye sakafu ya jikoni, mkono umevunjika, kengele ya kuitia wahudumu ikiwa mbali, kando ya kitanda. Gari la wagonjwa lilikuja kabla jua halijachomoza.

Asubuhi hiyo Martina alimpeleka Emiliana kwa Bwana Walid, akamwacha aeleze mwenyewe.

"Ulivunja sharti," Bwana Walid alisema.

"Ndiyo, sir. Mama hakujua."

Bwana Walid alirekebisha barakoa yake. "Nasi tulikosea," alisema hatimaye. "Kuanzia kesho, wote waliofunga watapigiwa simu baada ya daku. Na wewe, ukumbini marufuku. Ukitaka kuzungumza na bibi yako, simama bustanini, nje ya kioo cha dirisha."

Walipotoka, Martina alimshika bega. "Kutoka kwa siri kulikuwa kosa, mwanangu. Ungeweza kumpelekea ugonjwa, na kama ungeniuliza, tungetafuta njia. Lakini ulisema kweli ukijua tunaweza kukosa pa kulala. Ukweli usiokugharimu kitu, kila mtu anaweza kuusema. Huu wa leo umemwokoa mtu."

Bi Thuwaiba aliporudi kutoka hospitali, mkono ukiwa ndani ya plasta, Martina ndiye aliyemtwangia iliki kila alfajiri. Emiliana alisikiliza kitandani akitabasamu, kisha mchana akasimama bustanini, simu sikioni. Upande wa pili wa kioo, bibi aliibana simu yake kati ya sikio na bega.

"Mama yako mwema," alinong'ona, "lakini anatwanga kama anayepigilia misumari. Usimwambie."

"Sitamwambia, Bibi. Labda akiniuliza."

Bi Thuwaiba alicheka mpaka akashika plasta yake. Kisha akaweka kiganja kizima juu ya kioo.

"Na kesho je, mwanangu? Njoo tena. Njoo na maswali yako yote."