Mgeni wa Sandukuni

Katika mchezo ule wa magari wa kompyuta hapakuwa na watu. Palikuwa na barabara, milima yenye rangi ambayo hakuna mlima uliowahi kuwa nayo, na magari manane yaliyofukuzana bila kufika popote. Kwa hiyo Iddi, mpiga debe wa stendi ya Same, alipoondoa vidole kwenye vitufe na kusema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu amesimama kwenye kona ya tatu, wenzake walimcheka. Hawakumaliza kucheka. Picha ilichanika vipande virefu kama kanga iliyonaswa na miiba, ikaganda, kisha kioo kikawa cheusi. Ilikuwa saa nane mchana. Chumba kizima kilinuka mkonge uliooza, ingawa shamba la mkonge lililokuwa karibu zaidi lilikuwa mbali na siku hiyo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa pazia.

Mwenye chumba, Fanueli, aliyewatoza vijana pesa kwa kila mchezo, alimwambia Iddi kwamba macho ya mlevi huona mengi.

Huyu Fanueli alikuwa mtunza stoo wa shamba la mkonge kwa miaka kumi na tisa, mpaka shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi na wafanyakazi wakapunguzwa. Wenzake waliona aibu, wakarudi milimani kulima tangawizi. Yeye alibaki mjini akilitaja soko huria kama mtu anavyomtaja shemeji yake mwenye cheo. Aliagiza kutoka Dar es Salaam kompyuta iliyokwishatumiwa, yenye kadi ya picha ya kuendeshea michezo, na alipoipata alifanya jambo la kwanza ambalo mtunza stoo hufanya kwa kila kitu: aliifungia. Fundi seremala alimtengenezea sanduku la mninga, lenye kidirisha cha kioo mbele na kufuli upande, na ndani yake Fanueli akaifunika mashine kwa vitambaa vitatu vilivyofumwa na mkewe Agatha, ili vumbi la Same lisiiguse. Ufunguo aliuning'iniza shingoni. Kuiwasha hakujua. Kazi hiyo aliifanya Rogathe, binti yake wa pekee, aliyekuwa na miaka ishirini na aliyeketi kando ya sanduku lile tangu asubuhi hadi jioni, kwa kuwa baba yake hakumwamini mtu mwingine.

Agatha hakupenda. Alimwona binti yake akirudi nyumbani na macho mekundu, akisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichokifuata. Alimwomba mumewe amtoe msichana mle chumbani. Fanueli alimjibu kwamba wanawake wa Chome, kijiji cha mlimani alikotoka mkewe, wanaogopa kila kitu kisichokuwa na majani.

Mashine iliendelea kuzimika, na karibu kila mara ilikuwa saa nane. Akaitwa Evance, fundi kijana aliyesomea Moshi na ambaye hakumruhusu mtu yeyote asahau kwamba alisomea Moshi. Hata hivyo kazi yake aliijua. Alibadilisha waya wa umeme, mashine ikazimika. Aliondoa programu ya kadi ya picha akaweka nyingine, ikazimika. Ndipo alipoitoa sandukuni, akapuliza kutoka kwenye kifeni cha kadi donge la vumbi kubwa kama yai la njiwa, akauanzisha mchezo huku mashine ikiwa wazi. Ulichezwa kwa muda wa saa tatu bila tatizo. Aliirudisha sandukuni chini ya vitambaa vyake. Baada ya dakika ishirini picha ilichanika.

“Mzee, mashine yako haiumwi,” alisema Evance mbele ya vijana wote. “Inapikwa. Na mpishi ni wewe.”

Vijana walicheka. Hapo ndipo jambo lilipoharibika, na halikuharibiwa na joto. Mtu mwenye akili angelipasua lile sanduku kuwa kuni. Fanueli alimuuliza Evance ni tajiri gani aliyewahi kumwona akiiacha mali yake uchi, akamtoa nje, kisha akaenda kinyozini, na kutoka kinyozini akaenda buchani, na kote huko akaeleza kwa utulivu mkubwa kwamba kwake kuna jini. Kosa lingemfanya aonekane mjinga, lakini jini lilimfanya aonekane mtu wa kuonewa wivu. Kabla ya jua kuzama alikuwa amekwisha kumpa umbo, kabila na cheo, na huenda kile kilichosimama kwenye kona ya tatu kilikuwa bado si kitu chochote mpaka kinywa cha Fanueli kilipokifanya kuwa kitu.

Akaletwa Mbaraka, mganga kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ambaye siku nyingi za juma alikuwa mchuuzi wa samaki na alinuka hivyo. Alifika mchana akafukiza ubani juu ya sanduku, akasoma maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyajali sana, akauliza kama amfukuze mgeni. Fanueli alisita. Jini akiondoka leo, kesho atamwonyesha nani? Akajibu kwamba hapana, yeye ni mtu mstaarabu; mgeni na abaki, mradi aiache biashara iendelee.

“Akibaki atataka mwenyeji,” alinong'ona Mbaraka. “Akae kwa nani?”

“Akae na Rogathe. Yeye ndiye anayeijua mashine.”

Alilisema hilo akiwa anajipepea kwa gazeti.

Rogathe aliuanzisha mchezo kama alivyoagizwa. Magari yaliondoka, yakapita kona ya kwanza, yakapita ya pili, na kwenye kona ya tatu yule mtu alikuwepo, kila mmoja alimwona, mrefu, asiye na uso wa kutajika, ila safari hii hakusimama bali aligeuka akaanza kutembea barabarani kuelekea kwenye kioo, polepole, magari yakipita katikati ya mwili wake bila kumpunguza, na kadiri alivyokaribia ndivyo feni ndani ya sanduku ilivyovuma kama pumzi ya mtu aliyezibwa mdomo kwa nguo, na harufu ya mkonge uliooza ikapanda mpaka ubani ukawa kama haukuwahi kuwashwa, na Iddi aliyekuwa mlangoni akaomba atoke ingawa hakuna aliyemzuia, na mkono ukafika kwenye kioo ukaenea wote, na picha ikachanika mistari ya kijani na zambarau, na mistari ileile, kwa upana uleule, ikapita kwenye weupe wa macho ya Rogathe.

“Baba, ni—” alisema, akaganda.

Kinywa kilibaki wazi. Hakupepesa macho. Nzi alitembea shavuni mwake mpaka kwenye mdomo, akaruka mwenyewe. Ulipita muda uleule ambao mashine huchukua kuwaka upya, kisha Rogathe akashtuka kidogo, akamtazama baba yake kama ndiyo kwanza anaingia.

“Shikamoo, baba,” alisema. “Baba, ni—”

Akaganda tena.

Ilipofika mara ya nne, Mbaraka alikuwa amekwisha kuvikusanya vitu vyake. “Mzee, mimi huyu sikumwita,” alinong'ona. “Mimi nauza samaki. Umemkaribisha wewe kwa kinywa chako, na wewe ndiye wa kumkana.” Aliondoka bila kudai chochote, jambo ambalo kwa Mbaraka lilikuwa ushahidi wa kutosha.

Jioni ileile Agatha alilivunja kufuli kwa jiwe. Evance aliitoa mashine nje, ikachezwa siku mbili mfululizo; barabarani hapakuwa na mtu. Haikumfariji yeyote. Rogathe alikuwa anaganda akiwa na kijiko mkononi, anaganda katikati ya sala.

Agatha alimpandisha Chome, kwao, penye baridi ya msitu wa Shengena. Huko aliganda mara chache zaidi, lakini kila alipoganda alikaa muda mrefu zaidi, na kila alipoamka alikuwa amepungua maneno. Agatha alituma ujumbe kwa mumewe. Kwao palikuwa na desturi ambayo hata Walutheri hawakuiacha kabisa: aliyefunga jambo kwa kauli yake huchukua maji kinywani, huyapuliza chini, na kusema ukweli mbele ya walewale waliosikia uongo. Hakuhitajiwa mbuzi. Yalihitajiwa maneno machache tu.

Fanueli alipanda asubuhi moja, amevaa koti. Iddi alikuja, na Evance naye, kwa niaba ya waliousikia uongo kule Same. Rogathe alikaa mlangoni, amefungwa shuka, akiwatazama kwa macho ya mtu anayesoma maandishi madogo.

“Baba Rogathe,” alisema Agatha, akimpa kata ya maji. “Sema hivi: kwangu hapakuwa na jini. Palikuwa na sanduku, nami nilikataa kuambiwa. Basi. Mtoto atarudi.”

“Nimesikia, mama Rogathe.”

Alipiga funda, mashavu yakajaa. Rogathe aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile rangi ya kawaida ilirudi machoni mwake. Fanueli aliinama kuyapuliza maji, na katika kuinama alimwona Evance, ambaye hakuwa na busara ya kuuficha ushindi wake. Alikuwa anatabasamu.

Fanueli alijinyoosha. Akayameza maji.

“Maji ya huku ni baridi sana,” alisema, akifuta mdomo, kisha akamuuliza Iddi kama gari la kuteremka Same limekwisha kuondoka.

Mlangoni, Rogathe alikuwa ameanza kumwita mama yake. Ilikuwa imetoka “Ma” tu. Agatha alisimama na kata mkononi akingoja lililobaki, akihesabu kimyakimya ule muda anaoujua, akaumaliza, akauhesabu tena toka mwanzo. Safari hii binti hakuamka.