Mzaliwa wa Pundanhar

Jumatatu ile sokoni Palma, vijana waliokuwa wakigombania foleni ya vibarua vya gesi walikuwa wanatwangana ngumi mbele ya duka la Wahida la kupiga chapa na kutoa kopi. Mmoja alikwepa, na ngumi ikampata mpita njia ambaye hakuwa na habari. Huyo mpita njia akarushwa mpaka ndani, akaangukia mashine ya kopi. Wahida, msiro mweupe wa kujirembea usoni na kapulana ya njano kiunoni, hakuuliza. Alimchapa rula ya chuma begani.

"Toka! Ukiivunja hiyo utanipa ya babako?"

"Dada, pole pole! Mimi ni mteja!"

Kikoi chake kilikuwa kimelowa matope hadi magotini, lakini kofia yake ya vito ilikuwa nyeupe pe. Akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake mna karatasi kavu.

"Nitolee kopi ishirini za hotuba hii."

"Na matope yote hayo umeyatoa wapi?"

"Mto wenu Ruvuma. Ningekuja msafi kama ningepewa viza."

Jina lake Shekuwe, mvuvi wa Lamu. Alialikwa kwenye mkutano wa Jumatano, watu wa pwani wakutane na makampuni ya gesi. Kwao bahari yao ilikuwa inapimwa ijengwe bandari, na wavuvi wenzake walimtuma akaseme. Viza aliiomba Nairobi, akangoja miezi mitatu bila jibu, mwishowe akapanda mtumbwi.

"Wakikukamata utasemaje?"

"Nitasema nimekuja kukuoa."

"Mwone! Hata jina langu hulijui."

"Basi niambie, nisije nikadanganya polisi."

Wahida akacheka mpaka msiro ukapasuka. Jioni hiyo walikula ngisi wa kuchoma, na kesho yake Shekuwe alimpigia simu mara tisa, kila mara ana sababu, na sababu zenyewe ovyo tupu.

Mara ya tisa Wahida akamwambia, "Wewe mwanamume usinipe presha. Kesho hutaingia ukumbini bila karatasi. Nitakutengenezea."

Wala hakuona kosa. Watu wa Palma wamefanya hivyo tangu zamani. Mkwe akivuka mto kuja kwenye harusi au maziko, anapewa guia, karatasi ya safari ya katibu wa mtaa, na ndani yake anaandikwa mzaliwa wa kijiji cha mwenyeji wake. Ni heshima ya mgeni tu. Ukoo wa Wahida ulitoka Pundanhar, kwa hiyo akapiga chapa: Shekuwe, mzaliwa wa Pundanhar. Mjomba wake Sufo, katibu wa mtaa, akagonga muhuri bila hata kuvaa miwani. Masikini Wahida! Alisahau kwamba mwaka huo askari wa mlangoni mwa ukumbi hawakuwa wale waliokula pilau la harusi zao.

Jumatano asubuhi askari alimuuliza Shekuwe kwa Kimakonde anakaa Pundanhar sehemu gani. Shekuwe akatabasamu, akajibu kwa Kiamu cha kwao Lamu. Kitako cha bunduki kikamwingia mdomoni.

Wahida alipata habari adhuhuri. Alipiga simu, haikupokelewa. Alasiri simu yake ikaita, namba ni ya Shekuwe.

"Mpenzi! Uko wapi?"

"Mpenzi wako yuko kwangu," ilisema sauti ya Dauto, mkuu wa kituo, chefe kama wanavyomwita. "Amesema yote. Amekutaja wewe, na karatasi yako. Uje mwenyewe au tukufuate?"

Damu ilimchemka Wahida. Juzi tu amekula ngisi wangu, leo ananitosa kabla jua halijazama! Alikwenda kituoni mbio, hofu hana, anachotaka ni kumparura huyo mwanamume.

"Yuko wapi huyo mwongo?" alipiga kelele mlangoni. "Karatasi nimekuandikia mimi, kwa mapenzi, halafu unanitaja, Shekuwe!"

Dauto akachekelea, akafungua mlango wa ndani.

Shekuwe alilala sakafuni. Shati limechanika, mgongo umejaa michirizi ya chamboko, kiboko cha polisi, jicho moja limeziba, meno mawili hayapo.

"Mjinga wewe," alisema, damu inamtoka. "Tangu asubuhi nachapwa, nakataa kukutaja. Amebahatisha namba kwenye simu yangu, nawe unakuja kujitaja mwenyewe!"

Wahida akamsikia Dauto anacheka. Alimrukia, akamng'ata mkono mpaka akaonja damu. Askari wawili walimbandua, wakamchapa makofi hadi mdomo ukavimba, wakamshika viganja mezani na kuvipiga kwa ubao wenye mpini, ishirini huku, ishirini huku. Alilia kwa sauti, na hakuona haya.

Dauto alifunga mkono wake leso. "Sikiliza. Ukisema alikutishia kisu, unakwenda nyumbani, yeye anafungwa jela ya mkoa, kule Pemba yetu ya bara. Ukisema uliandika kwa hiari, yeye tunamtupa ng'ambo ya mto leo, jela unakwenda wewe."

"Sema nilikutishia," alisema Shekuwe.

"Nyamaza," Wahida akamwambia.

"Wahida, nakuamuru!"

"Unaniamuru kama nani? Umenioa?"

"Nakuposa! Sasa hivi, mbele ya chefe huyu. Haya, nitii!"

Askari mmoja akaguna. Wahida alimtazama yule mwanamume wa siku tatu, uso umeharibika, bado anabishana, akajua hatampenda mwingine.

"Posa nimeikubali," alisema. "Amri nimeikataa. Chefe, andika: nimeandika mwenyewe, kwa hiari yangu."

"Wahida!"

"Nenda, mume wangu. Waambie wazee wako waje kwa mjomba Sufo."

Walimburura Shekuwe nje, analiita jina lake, wakamrusha kwenye gari la mtoni. Dauto akamsogezea Wahida maelezo na kalamu. Vidole vilikuwa vimevimba, kalamu haikushikika. Yule binti aliyepiga chapa upesi kuliko wote Palma akatia dole gumba, kama mtu asiyejua kusoma.