Kitanda cha Pili Ndani ya Seva

Saa nne asubuhi, mwenye nyumba akiwa kazini, seva, ile kompyuta kubwa ya kuhifadhia vitu, iliyowekwa stoo ilianza kuvuma.

Mkewe, fundi cherehani anayeshonea sebuleni, aliondoa mguu kwenye pedali akasikiliza. Mvumo huo aliujua. Feni za lile dude hazikazani hivyo ila mumewe anapocheza gemu, na mumewe alikuwa ametoka tangu saa moja kwenda kutengeneza kompyuta za watu. Alipofungua mlango wa stoo alikutana na harufu ya udongo uliomwagiwa maji, ilhali stoo ile haikuwa na bomba wala haijawahi kuvuja.

Akampigia simu. Mume akasema ile mashine ya gemu aliizima jana kwa mkono wake. Mke akasema haya, akakata, na hakuamini hata neno moja. Tusimlaumu. Mume wa kwanza alimwacha kwa ujumbe wa simu wa maneno manne, na huyu wa pili alimpenda kiasi kwamba hofu ya kumpoteza ilikuwa haimtoki moyoni. Akisikia mtu amekohoa mlangoni anataka kujua ni nani.

Sasa, hiyo mashine ya gemu haikuwa kitu cha kushikika. Mume alinunua seva moja iliyokwisha tumika, akaigawa ndani kwa ndani kama mtu anayegawa nyumba kubwa vyumba: huku picha za familia, huku kazi zake, na huku kompyuta nzima isiyo na umbo, ya kuchezea tu. Wenyewe huiita mashine pepe. Tatizo ni kwamba gemu yake, ya kulima na kujenga nyumba, ilikataa kufunguka humo; ilitaka kompyuta ya kweli. Wiki nzima alihangaika, akaandika maagizo ya kuificha mashine hali yake, hadi ikaamini kuwa ina mwili wake yenyewe. Siku gemu ilipofunguka alicheka peke yake kama mwehu, na mke naye akacheka kwa kumwona.

Siku ya nne ya mvumo, mke hakuvumilia. Aliwasha skrini ya sebuleni, akakuta gemu iko wazi. Ndani ya nyumba aliyoijenga mumewe, ambamo siku zote palikuwa na kitanda kimoja, sasa palikuwa na viwili vilivyosogezwa pamoja. Kando ya vitanda hivyo amesimama mchezaji mwingine, na juu ya kichwa chake, mahali panapoandikwa jina, hapakuwa na kitu.

Jioni mume hakupewa hata nafasi ya kuvua viatu. Mke alimuuliza huyo anayelala naye humo ni nani, anamfahamu tangu lini, na kama anajua kupika. Mume aliapa kwa kila kitu kinachoapiwa. Mwishowe akamkalisha pembeni yake amwonyeshe. Seva ilikuwa ikihifadhi nakala ya mashine ile kila siku, kwa hiyo aliweza kuirudisha ilivyokuwa zamani. Akarudisha ya jana: vitanda viwili. Akarudisha ya wiki iliyopita: viwili. Akaendelea kurudi nyuma, mwezi mmoja, miezi miwili, mke akimshika bega bila kujua kwamba anamshika, mpaka akafika kwenye nakala ya kwanza kabisa, ile ya kabla gemu haijawekwa, na gemu ikafunguka yenyewe, na vitanda vilikuwa viwili, na asiye na jina alikuwa ameketi kwenye kile cha pili akiwatazama.

"Wakati wa nakala hii gemu haikuwepo," mume akanong'ona.

Mke alifurahi, jamani. Kwa sekunde moja alifurahi kwamba si mwanamke. Kisha harufu ya udongo ikaingia sebuleni, na furaha ikamwisha.

Kesho yake asubuhi aliitwa shangazi wa mume, mama anayejulikana kwa kuwatoa watu majini na mashetani, ingawa kwenye simu yake mwenyewe huomba abonyezewe namba. Alikaa kwenye kigoda ndani ya stoo, akataka aelezwe taratibu. Alipomaliza kusikiliza alitikisa kichwa.

"Umejenga nyumba, ukaiapia kwamba ina mwili, halafu ukaiacha tupu mchana kutwa. Mwanangu, ulitegemea akae nani?"

"Niifute, shangazi?"

"Ukimbomolea nyumba naye yumo ndani atakuja juu. Mwambie tu ukweli, ataondoka."

Basi mume akafungua kompyuta yake ya mkononi pale pale stoo, akaanza kuyaondoa yale maagizo ya kuficha, moja baada ya jingine, shangazi akisoma dua kwa sauti ya chini, na kila agizo lilipotoka feni zilizidi kukazana, mlango wa stoo ukatetemeka, harufu ikawa nzito mpaka mke akajiziba pua kwa kitambaa alichokuwa akishona, na lilipoondoka la mwisho skrini ikaandika wazi kwamba kompyuta hii ni ya kuiga, haina mwili, na kila kitu kikanyamaza mara moja.

Gemu ikagoma kufunguka. Harufu ikapotea. Shangazi akanywa chai yake, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Baada ya chakula cha mchana mume alijinyoosha kitandani. Mke akaketi karibu yake, akamwomba radhi kwa kumshuku, akamwambia kuwa asingeweza kustahimili kuachwa tena. Mume alikuwa akiutazama mkono wake, anaukunja na kuukunjua, anaugeuza huku na huku. Mke amewaona wateja wake wakifanya hivyo wanapojaribu nguo mpya.

"Na mwili huu?" mume akauliza taratibu. "Nao ni wa kuiga?"

Mke akadhani ni utani. Alicheka kwa jinsi alivyofarijika, akaushika mkono ule akaubusu.

"Huo ni wa kweli, mume wangu."

"Asante. Basi nitakaa," akasema, kwa adabu ya mgeni aliyekaribishwa kiti. Kisha akamuuliza mke yeye anaitwa nani.