Siri Aliyoiambia Mashine

Kila siku ya somo la kompyuta, wanafunzi wa darasa la sita walivua viatu mlangoni, wakafuta vumbi kwenye kibodi kwa kitambaa kikavu, ndipo wakakaa wawili wawili. Chiriku alikaa na Twiga. Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Twiga alikuwa mrefu kuliko wote, tena mpole. Walikuwa chanda na pete.

Walikuwa wakijifunza kutumia chombo kinachoandika programu. Unakieleza kwa maneno ya kawaida unachotaka, nacho kinakuandikia. Chiriku alipewa kazi ya kutengeneza programu ya kuwapangia wenzake vitanda katika safari ya shule, maana huko wangelala kwenye vitanda vya juu na vya chini.

Chombo hicho kilitunza pia kumbukumbu za kazi, yaani mistari iliyotokea sehemu ya chini ya kioo cha kompyuta ikieleza kinachofanyika. Mwalimu alikuwa amekipangia kiandike makosa tu.

"Kikikwama, kitatuonyesha kimekwama wapi," alisema. "Mengine hatuyahitaji."

Lakini Chiriku alipofungua mahali pa mipangilio, aliona chaguo jingine: Kila kitu.

"Usiguse," Twiga alinong'ona. "Mwalimu ameshapanga."

"Wewe nawe kwa woga! Programu yangu haina makosa, kwa hiyo mwalimu akiionyesha ukutani kwa projekta, ukuta utabaki mtupu. Nataka maandishi yatiririke, watu wabaki vinywa wazi."

Akabonyeza. Zamu yake ilipofika, mwalimu alizima taa na kuwasha projekta. Maandishi yakaanza kushuka ukutani, mstari juu ya mstari.

"Chiriku fundi!" wenzake wakashangilia. Kelele, mvulana mtundu wa dawati la nyuma, akapiga mluzi.

Ndipo mstari mmoja ukatokea, ukabaki pale pale ukutani: "Agizo lililopokelewa: Twiga apewe kitanda cha chini. Ana kifafa. Hii ni siri, usimwambie mtu."

Mluzi wa Kelele ulikatika. Chiriku aliyasoma maneno yake mwenyewe, akayasoma tena, asiamini kwamba yako ukutani, makubwa kuliko mtu. Mwalimu alichomoa waya wa projekta, lakini wote walikuwa wameshasoma. Twiga alisimama, akatoka bila viatu.

"Jamani," mwalimu alisema, "mashine hizi wakati mwingine hubuni mambo. Chiriku, imebuni, sivyo?"

Darasa zima lilimgeukia.

"Ndiyo, Mwalimu," Chiriku alijibu. "Imebuni."

Akaomba ruhusa, akamkimbilia Twiga. Mwalimu naye akafuata.

Twiga alikuwa kwenye bomba la uani, akinawa uso ambao haukuwa na uchafu.

"Nilikuambia wewe peke yako," alisema. "Hata binamu zangu hawajui."

"Sikumwambia mtu! Nilikiambia chombo tu, usije ukapangiwa juu ukaanguka. Tena nilikionya kwamba ni siri."

Twiga alimkodolea macho. "Uliionya kompyuta?"

Chiriku aliinamisha kichwa. "Mwalimu, nimedanganya. Haikubuni. Maneno niliandika mimi, na mpangilio niliubadilisha mimi ili nisifiwe. Nisamehe, Twiga."

Mwalimu alivuta pumzi ndefu. "Nami nilikosea kuwapa jibu nisilolijua. Twiga mwanangu, siri ni yako. Unataka tuwaambie nini?"

Twiga alifunga bomba.

"Wakiamini imebuni, nikianguka safarini watashtuka vibaya kuliko leo. Nitasema mwenyewe."

Alirudi ndani, akasimama mbele ya darasa. "Ni kweli. Nina kifafa, na natumia dawa kila siku."

"Kinaambukiza?" Kelele aliuliza.

"Hapana."

"Basi ukianguka tukuwekee kijiko mdomoni?"

"Thubutu! Usiniwekee chochote mdomoni, wala usinishike kwa nguvu. Ondoa vitu vilivyo karibu, nilaze ubavu, umwite mtu mzima."

"Kumbe! Vitu nitaondoa mimi. Nyumbani ndiyo kazi yangu, kuhamisha viti."

Watu wawili watatu wakacheka, Twiga naye akatabasamu kidogo. Chiriku akasimama, akakiri mbele ya wote kwamba alidanganya. Hakutafuta kisingizio.

Mwalimu alimkalisha Chiriku kwenye kompyuta. Walifuta kumbukumbu zile, wakarudisha mpangilio kwenye makosa tu, na mahali pa majina wakaweka namba. Programu ikapanga vitanda vyote bila kumtaja mtu.

"Sikilizeni, wanangu," mwalimu alisema. "Mashine haijui siri ni nini. Huandika ilichoambiwa kuandika. Kwa hiyo kabla hujaiambia itunze kila kitu, jiulize ni mambo ya nani hayo, na nani atayasoma. Na ukikosea, sema mapema. Kosa la Chiriku tumelirekebisha haraka. Uongo wake ungetufuata hadi safarini."

Kengele ililia. Chiriku alichukua viatu vya Twiga mlangoni, akamsogezea miguuni.

"Sijakusamehe bado," Twiga alisema huku akivaa.

"Najua. Nitasubiri."

"Usubiri kimya," Twiga akasema. Chiriku akafumba mdomo, wakatoka pamoja.