Finjani ya Mgeni Asiyekuwepo

Alasiri ilikuwa imekwisha adhiniwa, na Azza binti Khelef alikuwa amechuchumaa na dele la kahawa. Walikuwa wakipiga filamu fupi mjini Ibra, Omani, katika nyumba ya udongo aliyoiacha marehemu Nabhan bin Sleyum. Kazi ya Azza ilikuwa kuangalia kila kitu kibaki kilivyokuwa, ili vipande vikiungwa mtazamaji asione kiraka. Ushungi bega la kushoto. Tende saba. Kahawa nusu finjani.

Bibi yake, Bi Kuruthum binti Nabhan, alicheza mwenye nyumba. Mahali pa mgeni palikuwa patupu. Mchezaji angekuja kesho, apigwe picha peke yake.

"Bibi, mgeni mtazame hapa," alisema Badar, mpiga picha, akiinua ngumi usawa wa uso wa mtu aliyeketi.

"Mgeni mwenyewe ngumi? Hata salamu hana."

Wakacheka. Wakapiga. Azza akalinganisha na picha iliyokuwamo katika simu yake.

Finjani ya mgeni ilikuwa tupu.

Akaijaza nusu. Wakapiga tena. Akatazama… tupu. Mkeka mkavu. Palinuka udi, na hapana aliyefukiza. Akaijaza tena, bila kuwaza, kama mtu afungaye kifungo.

Walipokwisha piga mara ya tatu, bibi alimshika mkono.

"Unammiminia nani?" alinong'ona.

"Ya picha tu, bibi."

"Hajatikisa finjani. Mgeni asiyetikisa bado anataka, nawe unammiminia tu. Sasa ataondokaje?"

"Nani?"

"Hud."

Hud bin Nabhan alikuwa kaka yake bibi. Alizikwa akiwa na miaka kumi na tisa. Wako waliosema hakufa. Wachawi walimficha, na kilichozikwa ni gogo.

"Twende nyumbani, bibi."

"Nimwache mtu na finjani mkononi?"

Azza alimwinua, akamtia garini. Tangu hapo Bi Kuruthum hakusema neno. Siku kumi. Madaktari hawakuona kitu. Azza alimlisha, akamwosha, akangojea sauti yake. Hakulia. Hakutaka kingine duniani ila bibi aseme naye.

Siku ya kumi na moja Badar alimwita aone vipande.

"Macho hayaoani," alisema. "Mchezaji ameketi. Bibi anatazama juu, kama mbele yake pamesimama mtu."

Katika kipande cha pili macho yalikuwa yamesogea upande. Katika cha tatu yalielekea nyuma ya kamera.

Pale aliposimama Azza.

"Nyuma yako alikuwako nani?"

"Ukuta," alisema Azza.

Alirudi nyumbani kabla ya magharibi. Bi Kuruthum alikuwa ameketi mkekani. Aliinua macho, yakapita uso wa mjukuu wake, yakatua juu kidogo ya bega lake.

Midomo ikafunguka.

"Karibu, kaka," alisema, kwa sauti ya msichana. "Na huyu uliyekuja naye… ni nani?"

Azza akavua viatu. Akaketi, kama mgeni.